Shajara ya mradi: njia mbili za kwenda uuguzi, kutoka matokeo hadi maombi

Mwisho wa Januari

Matokeo ya kidato cha nne yametoka, na hapa nyumbani Muheza simu hazikupoa kutwa nzima. Mdogo wangu ana C za Baiolojia na Kiswahili, D za Kemia, Fizikia, Kiingereza, Jiografia na Uraia, na F ya Hisabati. Pointi 26, divisheni ya nne. Kijana wa jirani aliyesoma naye darasa moja ana B za Baiolojia na Kemia na C tano, Hisabati ikiwemo. Pointi 19, divisheni ya pili. Wote wawili wanautaka uuguzi, na wote wamekuja kwangu kwa kuwa mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi katika kituo cha afya, na ndiye mtu wa karibu waliyemwona amepita huko.

Nimeanza kuandika leo kwa sababu naona jambo hili likifanywa haraka mno. Matokeo yanatoka, mjomba anataja chuo alichosikia redioni, ada ya kwanza inatafutwa kwa kuuza mbuzi, na mtoto anaondoka. Miaka mitano baadaye anataka kwenda mbele anakuta mlango umefungwa, na kilichoufunga ni kitu kilichokuwa wazi tangu siku ya kwanza. Kazini ninao wenzangu wenye mikono mizuri kuliko yangu waliokwama hivyo. Kwa hiyo kwa hawa wawili swali langu si chuo gani kitawapokea. Swali ni hili: wakishamaliza chuo hicho, wataweza kwenda wapi?

Wiki ya kwanza ya Februari

Nimechora ngazi kwenye karatasi ya manila na kuibandika sebuleni, baba aione kila anapokunywa chai.

Chini kabisa ni astashahada, ngazi ya 5 ya NTA (mfumo wa tuzo za vyuo vya ufundi), miaka 2. Juu yake stashahada, ngazi ya 6, miaka 3. Kisha shahada, miaka 4 chuo kikuu na mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Pembeni ya kila ngazi nimeandika cheo ambacho serikali inamwajiria mtu: wa astashahada ni Muuguzi, wa stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada ni Afisa Muuguzi. Wote wanapita Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, wanafanya mtihani wa leseni, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa mgonjwa kama muuguzi bila leseni hiyo. Lakini mishahara haianzii pamoja, na majukumu wodini hayalingani.

Baba akauliza swali ambalo nadhani linaulizwa katika nyumba nyingi: "Miaka miwili, miaka mitatu, si wote wanavaa sare na kuchoma sindano? Kwa nini tulipe mwaka wa ziada?"

Nimemjibu kwa heshima, ila nimemjibu bila kuzunguka. Kwa matokeo ya mdogo wangu sifa za kuingia astashahada na stashahada hazitofautiani kwa uzito. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga inataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na kati yake ziwemo D za Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza zinahesabiwa kama nyongeza nzuri. Anazo. Akienda astashahada atakuwa ameacha nafasi aliyokwisha kuistahili, na siku akitaka stashahada itabidi aombe upya, atafute chuo chenye nafasi, aombe ruhusa kazini kama amebahatika kuajiriwa, na alipe tena. Mwaka mmoja zaidi sasa ni nafuu kuliko kurudi darasani na watoto mgongoni. Wapo wanaorudi, nawaheshimu sana, na kila mmoja wao ukimuuliza atakwambia jinsi alivyosoma usiku baada ya zamu.

Astashahada siidharau. Kwa familia ambayo mwaka wa tatu hauwezekani kabisa, ni kazi halali yenye leseni. Zahanati nyingi za vijijini zinasimama juu ya mabega ya hao hao. Ila iwe imechaguliwa kwa kujua.

Baba hajasema ndiyo. Ameitazama manila muda mrefu.

Katikati ya Februari

Leo nimekaa na miongozo ya udahili mpaka macho yakauma, na nimepata kilichokuwa kikinisumbua kichwani. Ni ile F ya Hisabati.

Kwa stashahada haimzuii. Inamsubiri mbele. Mwenye stashahada anayetaka kuingia shahada ya uuguzi anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama za chuoni, isiyopungua 3.0, na juu ya hapo wanarudi kutazama cheti chake cha kidato cha nne: D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Wanarudi kulekule. Mtu anaweza kuwa wa kwanza chuoni, akafanya kazi miaka kumi leba, akazalisha mamia ya kina mama, na mlango wa shahada ukagoma kwa sababu ya mtihani alioufanya akiwa na miaka kumi na saba.

Nimemwita mdogo wangu nikamwonyesha kwa kidole kwenye ukurasa. Amenyamaza, halafu akasema, "Dada, kumbe bora nirisiti sasa hivi kabla sijasahau vyote."

Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri, na limetoka kwake. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzo wa mwaka na anayechelewa anaongezewa faini, kwa hiyo kesho tunakwenda kwenye kituo cha mtihani. Mtihani ni Novemba. Atakuwa amekwisha ripoti chuoni, muhula wa kwanza, na hilo ni gumu. Lakini kati ya sasa na Septemba ana miezi ya kukaa na somo moja tu.

Mwisho wa Februari

Amesajiliwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani amekubali kumfundisha jioni, na mimi nimechukua sehemu yangu ninapokuwa sipo zamu.

Namfundisha Hisabati ya wodini. Lita 1 ya maji ya dripu inatakiwa iingie kwa saa 8. Seti, yaani mrija wa dripu, inatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata karibu 42. Mara ya kwanza alisema hawezi. Nikamwambia kuna mgonjwa kitandani, dripu inaning'inia, daktari ameshaondoka, na anayeishika ile roda ya kuregezea matone ni wewe. Akachukua kalamu.

Kisha mtoto wa kilo 12 ana homa, dozi ya paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5. Miligramu 180, sawa na mililita 7.5. Uwiano, kugawanya, desimali: ni mada zilezile za kidato cha kwanza na cha pili alizozikimbia. Nataka azione zikiwa na uso wa mtu. Desimali ikiruka nafasi moja kwenye sindano ya mtoto mchanga, dozi inakuwa mara kumi.

Wanaosema nesi hahitaji Hisabati hawajawahi kupewa chati ya mgonjwa wa kifafa cha mimba saa nane usiku, akatakiwa achanganye magnesium sulphate: dawa ya asilimia 50, mililita 8, na maji mililita 12, kupata gramu 4 katika mililita 20. Hapo hakuna muda wa kumpigia mtu simu.

Machi

Mjomba ameleta habari ya chuo ambacho "kinapokea hata bila Fizikia". Wakala wake anapatikana kwa simu, anataka malipo ya kushika nafasi, na anasema usajili wa chuo uko njiani. Sikitaji jina hapa. Nimeandika tu tulichofanya, kwa faida ya anayepita njia hii.

Tulifungua orodha ya vyuo ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Chuo cha afya kilichosajiliwa kina namba inayoanza na REG/HAS. Kisha tukafungua Mwongozo wa Udahili, ambao unaandika chuo, kozi, sifa za kuingia, muda wa masomo, idadi ya nafasi na ada. Hapo ndipo pa kuangalia vizuri, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili halali kwa famasi au maabara na kisiwe na uuguzi. Usajili wa chuo na kibali cha kozi ni vitu viwili. Tulichokitafuta hatukukiona, nafasi haikulipiwa.

Mjomba hakufurahi, alikuwa ameshampa mtu ahadi. Nimemweleza: mwanafunzi asiyekuwa na sifa hata akimaliza miaka yote, Baraza halimpi leseni. Atakuwa na sare, madeni, na picha ya mahafali. Sifa ya Fizikia si urasimu wa kuzungukwa.

Aprili

Nimetaka waone kazi kabla ya kuisomea. Hawaruhusiwi kuingia wodini wala leba, na ni haki. Mgonjwa si maonyesho. Mganga mfawidhi amekubali wakae kliniki ya mama na mtoto asubuhi za chanjo, wapange foleni na kusaidia kubeba vitu.

Mdogo wangu ameona mama wa mapacha akiambiwa kwa upole, mbele ya mizani, kwamba mmoja haongezeki uzito, na jinsi muuguzi alivyokaa naye kwenye benchi badala ya kusimama juu yake. Amerudi nyumbani anauliza kuhusu uji wa lishe, si kuhusu sare. Kijana wa jirani yeye alivutwa na jokofu la chanjo, kile kipimajoto na ile karatasi ya kujaza nyuzi joto asubuhi na jioni, kati ya 2 na 8. Aliuliza umeme ukikatika inakuwaje, na nani anaamua chanjo ya kutupwa. Nimeandika maswali yake kwa sababu yananipa dalili: huyu anapenda mfumo, anapenda kuelewa kwa nini. Shahada itamfaa.

Jambo jingine lililojitokeza: damu hakuna aliyeiogopa. Kilichowachosha ni kusimama. Vizuri wamejua.

12 Mei

Siku ya Wauguzi Duniani. Wauguzi wa wilaya tumekusanyika, tumewasha mishumaa na kurudia kiapo. Niliwachukua wote wawili wakakaa nyuma. Mama wa kijana naye alikuja.

Baada ya shughuli mama huyo akanivuta pembeni. "Mwanangu, na huyu wangu mpeleke hiyo ya miaka mitatu, wamalize pamoja. Kidato cha tano, cha sita, kisha chuo kikuu, nitakuwa nimezeeka."

Nimemwelewa kabisa. Nyumba ile inamtegemea yeye na genge lake. Nikakaa naye tukahesabu. Njia ya kijana: kidato cha tano na cha sita miaka 2, shahada miaka 4, utarajali mwaka 1, jumla 7. Akipita stashahada kwanza: miaka 3, kisha shahada 4 na utarajali 1, jumla 8, bila kuhesabu muda wa kusubiri katikati. Lakini kwenye njia hii ya pili baada ya mwaka wa tatu anakuwa na leseni mkononi na anaweza kuanza kuleta kitu nyumbani. Hiyo ni faida ya kweli na sikuificha.

Upande wa pili wa mizani ni kwamba ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, na akifika shahada anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Miaka mitatu ya stashahada, kinyume chake, mama angeilipa mwenyewe kwa sehemu kubwa. Na ajira hazimsubiri mtu mlangoni. Wahitimu wa stashahada wanaojitolea hospitalini wakisubiri matangazo ya ajira ninawaona kila mwaka. Kwa mtoto mwenye B za Kemia na Baiolojia, mimi ningempeleka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mama amesema atalala na neno hilo.

Mwisho wa Mei

Amekubali. Kijana alikuwa amejaza tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano) nyingine kwenye Selform, ile fomu ya machaguo, kabla ya mtihani, ya masomo ya biashara, kwa kushawishiwa na marafiki. Kila mwaka baada ya matokeo TAMISEMI huwapa wanafunzi muda wa kubadilisha, na wengi hawajui. Tuliingia kwenye mfumo tukabadilisha kuwa PCB mapema, na sasa amepangiwa shule.

Nimemwandikia ndani ya jalada la daftari lake la Kemia atakachohitaji kidato cha sita: ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na Kemia ndiyo aikamie zaidi kwa sababu vyuo vikuu huikazia. Nimemwandikia pia majina ya vyuo ili yasiwe mageni masikioni: Muhimbili, yaani MUHAS, Chuo Kikuu cha Dodoma, Bugando pale Mwanza, KCMC Moshi, na Hubert Kairuki. MUHAS wana pia shahada ya ukunga peke yake, na ya uuguzi wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya upasuaji. Macho yake yalikaa hapo kwenye usingizi. Alikuwa hajui kama kazi hiyo ni ya muuguzi.

Juni

Pesa. Hapa ndipo miradi ya aina hii hufia, kwa hiyo nimeichambua taratibu.

Ada yenyewe iko kwenye Mwongozo, chuo kwa chuo, na vya serikali kwa kawaida ni nafuu kuliko vya binafsi. Isiyoonekana ndiyo inayoumiza: hosteli na chakula, sare, viatu vya kufunga, saa yenye mshale wa sekunde, mashine ya presha, nauli na malazi ya mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali na vijijini, michango ya mitihani, bima ya afya ya mwanafunzi kama hana bima ya mzazi. Bima ya kwangu kazini inahesabu wategemezi, na mdogo hayumo.

Mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Watu wamelisikia neno afya wakadhani limeingiza kozi zote. Orodha inataja fani moja moja, nami bajeti yetu nimeipanga kama vile mkopo haupo. Cheti chake cha kuzaliwa tumekihakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa kuwa kitahitajika huko mbele, iwe kwa stashahada au kwa shahada.

Mgawanyo uliokubaliwa mbele ya baba: baba ada, mimi hosteli na chakula, kaka aliye Dar es Salaam vifaa na nauli za vitendo. Kila mmoja ameandika kwa mkono wake. Mwaka wa tatu umeandikwa pia, si wa kwanza tu. Na hapo hapo, bila mtu kumuuliza, baba akasema: "Stashahada, basi." Nimeshusha pumzi.

Julai

Dirisha la udahili wa vyuo vya afya liko wazi, na maombi yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET. Tumejaza jioni, mtandao ukiwa na nguvu. Machaguo yake: Korogwe kwanza, ni karibu na ni cha serikali, Bagamoyo, kisha Ndanda huko Masasi, chuo cha kanisa kilicho ubavuni mwa hospitali. Hicho cha tatu nimekisukuma mimi. Mwanafunzi wa uuguzi anajifunza nusu ya kazi kitandani kwa mgonjwa, na chuo kilichoshikana na hospitali yenye wagonjwa wengi kinampa mikono mingi ya mazoezi kuliko kile kinachopeleka wanafunzi kwa basi.

Rafiki zake wameanza kumuuliza habari za Ulaya na Ghuba. Ametaka nimwambie ukweli, nimemwambia. Uingereza, kwa mfano, Baraza lao linataka mtihani wa Kiingereza, IELTS ya 7 huku kuandika ikikubalika kwa 6.5, kisha mtihani wa kompyuta na mwingine wa vitendo. Tanzania iko kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, kwa hiyo waajiri wa huko hawatakiwi kuja kuwasaka wauguzi hapa; mtu anaweza kuomba mwenyewe. Wakala anayekuja na fomu mtaani basi aulizwe maswali. Ila kikubwa nilichomwonyesha ni ile D yake ya Kiingereza. Masomo yote ya chuoni ni kwa Kiingereza, mitihani ya wizara ni kwa Kiingereza, na hata asipovuka mpaka kamwe atakihitaji kuandika ripoti ya zamu inayoeleweka. Tumeongeza nusu saa ya kusoma kwa sauti kila siku.

Wiki hii

Jibu limekuja: Korogwe. Baba ameipiga simu kwa ndugu wote mpaka salio likaisha.

Hisabati inakwenda. Dripu anazikokotoa bila karatasi sasa, milinganyo bado inamyumbisha, jiometri anaipenda. Kijana wa jirani ameshaanza kidato cha tano na ametuma ujumbe kwamba Kemia ya huko "ni nyingine kabisa".

Yaliyobaki kwangu kabla ya Oktoba: barua ya kuomba chuo kimruhusu kutoka siku ya mtihani wa Hisabati wa Novemba, iende na nakala ya usajili wake, kumnunulia saa, na kumwandikia ukurasa mmoja wa mambo ya kutunza tangu muhula wa kwanza, kwa sababu GPA ya 3.0 inaanza kujengwa au kubomoka hapo, na namba ya uthibitisho ya NACTVET atakayoombea shahada itatoka kwenye matokeo hayohayo. Ile manila ya sebuleni mama wa nyumba ya tatu ameiazima. Ana binti yuko kidato cha tatu, na anataka kujua mapema kama Fizikia inaweza kuachwa. Nimemwambia aje naye Jumapili.